Injini Iliyokohoa Gatini

Mheshimiwa Mpinzani, Profesa Birthe Ravnkilde, uliyesafiri kutoka Kopenhageni kuja kumbana mpwa wangu kwa maswali. Mheshimiwa Msimamizi wa mtihani, Profesa Aulikki Rautavuoma, uliyemlea kwenye maabara yako. Daktari wetu mpya, Ilta. Dada yangu Maire, mama mzazi wa Daktari, ambaye tangu nimesimama ananiangalia kama mtu anayechunga maziwa yasifurike jikoni. Ndugu wageni waalikwa kutoka maabara, kutoka hapa Kuopio na kutoka vijiji vyote vinavyolizunguka ziwa letu. Na wewe Kauko, uliyechagua kiti cha karibu na mlango kana kwamba umeficha vijiko vya watu mfukoni: nawasalimu nyote.

Mimi ni Veijo Lappeteläinen, mjomba wa Daktari. Shule niliiacha mapema, mimi nayo tulikuwa tumechokana. Lakini desturi ya karamu ya udaktari mnaijua: aliyeshukuriwa ndiye anayejibu, tena kwa zamu ileile aliyoshukuriwa, na asiyeshukuriwa anakula na kunyamaza. Jioni hii Ilta ameshukuru watu wengi, wengine kwa majina na wengine bila majina, na mwisho kabisa akasema, mbele yenu nyote, "Na mjomba Veijo, kwa injini." Basi mimi nimeshukuriwa. Hakuna wa kunikalisha, hata Maire.

Profesa Rautavuoma ameninong'oneza kwamba nisimwite Daktari bado, mpaka baraza la chuo likutane na kutia sahihi. Profesa, kwa heshima yote, mimi namwita Daktari tangu saa sita mchana, na baraza likichelewa nitalipelekea samaki wa kukaanga ili likumbuke kazi yake.

Ndugu zangu, mnajua leo tumesherehekea nini? Nauliza kwa sababu mchana, pale ukumbini, niliwaona baadhi yenu mkitikisa vichwa kwa kukubali, na mimi pia nilikuwa natikisa, na jirani yangu alipokosea akauliza, "Amesema nini?" nikamjibu, "Amesema vizuri." Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kusoma maandishi ya betri. Kwa hiyo nilimkamata Ilta kwenye gari tukija huku, nikamwambia, "Mwanangu, nieleze tena kama mtu anayemweleza mjomba wake." Akanieleza. Sasa mimi nitawaeleza ninyi, na pale nitakapoongeza chumvi, Daktari yupo, atanikatiza.

Tazameni huo mkate mweusi uliopo mezani, huu wetu wa hapa Savo. Kwa nje ni mkate tu. Mgeni anaweza kuubeba chini ya kwapa mpaka Kopenhageni asijue kitu. Ukiukata ndani, samaki wamelala wamejipanga, vichwa huku na mikia kule. Ndivyo vinavyofanya virusi vya Ukimwi. Vinaingia ndani ya seli ya kinga, vinaukata ule uzi wa urithi ambao kila seli inao, vinajishonea katikati yake, kisha vinatulia. Seli kwa nje ni seli tu. Daktari anapima damu na haoni virusi. Vidonge vinazuia visienee kwenda seli nyingine, na vinazuia vizuri sana, lakini vilivyokwisha kujishona ndani ya uzi vidonge havivigusi. Mtu akiacha vidonge, baada ya wiki chache samaki wanatoka kwenye mkate.

Kwa nini basi vinalala? Hilo ndilo swali ambalo mpwa wangu amelifuata tangu amalize shule, wakati wenzake wanaolewa, wanajenga, wananunua mbwa. Nani anavilaza?

Anasema uzi wa urithi umeviringwa kwenye vigurudumu kama uzi wa mshonaji, na pale ulipokazwa sana hausomeki. Anasema kuna mnakili, kitu kidogo kinachopita juu ya uzi kikisoma herufi moja moja na kutoa nakala, na bila nakala hakuna virusi vipya. Seli ikiwa imepumzika, wale wanaomwita mnakili aanze kazi wamefungiwa nje ya chumba. Na hata mnakili akianza, kuna breki inayomkamata hatua chache tu kutoka mlangoni. Ili breki iachie, anahitaji msaidizi ambaye virusi vyenyewe vinamtengeneza, protini iitwayo Tat. Na huyo Tat anatoka wapi? Anatoka kwenye nakala iliyokamilika. Kwa hiyo ili nakala ikamilike anatakiwa Tat, na ili Tat apatikane inatakiwa nakala ikamilike. Niliposikia hivyo nilimwambia Ilta, "Hiyo si sayansi, hiyo ni injini yangu."

Na hapo, ndugu wageni waalikwa, ndipo mimi ninapoingia.

Maboti yote ya ziwa hili yamepita mikononi mwangu. Ya mapadri, ya polisi, ya waziri mmoja ambaye jina lake silitaji kwa sababu hakuweza hata kufunga fundo. Injini iliyozama majira mawili ya baridi chini ya barafu niliitoa, nikaipangusa, nikaiambia neno moja, ikawaka. Na wale wasionijua wamesikia habari za yule hauki, samaki mwenye mdomo kama wa mamba, aliyeivuta boti yangu kutoka kisiwani hadi bandari ya Kuopio, injini ikiwa imezimwa, kwa kasi iliyomtoa mkuu wa bandari na filimbi kutaka kuniandikia faini. Kauko alikuwamo botini. Ni shahidi wangu wa pekee, na kila nikimtaja anasema alikuwa amesinzia.

Lakini kuna injini moja iliyonishinda. Msisitizo wangu uko hapo: moja. Na Mungu ana mipango yake, maana hiyo moja ndiyo imetoa Daktari.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka juzi. Ilta alikuja kwenye nyumba yangu ya ziwani na begi dogo na uso mrefu. Maire alinipigia simu kabla: "Veijo, usimchokoze. Anataka kuacha."

"Kuacha nini?"

"Kuacha utafiti. Ameomba kazi kwenye duka la dawa."

Mnasikia? Duka la dawa. Nisieleweke vibaya, watu wa duka la dawa ni watu wazuri, wananiuzia mafuta ya mgongo. Lakini msichana huyu alikuwa ametazama seli zile mwaka baada ya mwaka akitafuta zinachokifanya zikiwa zimelala, na kila akipima anapata jibu lilelile: hakuna kitu, kimya. Angeandika kitabu gani juu ya kimya?

Asubuhi tukashuka gatini. Tulipaswa kumvusha Kauko kutoka ng'ambo ya pili, maana kila wiki tunavua pamoja. Nikavuta kamba ya kuwashia. Injini ikakohoa, ikazima. Nikavuta tena, ikakohoa, ikazima. Ilta amekaa kwenye ubao wa gati, miguu majini, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mjomba, imekufa?"

"Haijafa. Unaisikia inakohoa. Iliyokufa haikohoi."

"Sasa kwa nini haiendelei?"

Nikamweleza, kwa sababu mimi sifichi elimu. Nikamwambia, pampu ya mafuta inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka inajinywesha. Isipozunguka hainywi. Kwa kuanzia kuna puto la mpira kwenye paipu ya mafuta, unalibinya kwa mkono ili ipate funda la kwanza, na puto langu lilikuwa limepasuka. Kwa hiyo ilipata tone la kukohoa tu, halikutosha kufika kwenye kuzunguka.

Ilta akacheka. "Hilo tunalijua, mjomba. Ni Tat. Limeandikwa kabla sijazaliwa."

Sasa hapo, nakiri, niliumia kidogo. Unampa mtu dhahabu anakwambia anayo nyumbani. Lakini ngojeni. Simu yangu ikalia. Kauko, kutoka ng'ambo.

"We mzee, bado umelala?" akasema. "Nimesimama gatini kama mlingoti."

"Sijalala. Nawasha injini."

"Injini ipi? Mimi sisikii injini yoyote."

"Inakohoa."

"Acha uongo, Veijo. Ziwa limetulia kama kioo. Ingekuwa inakohoa ningesikia."

"Njoo usimame hapa nilipo uisikie."

"Nije na nini, nitembee juu ya maji?"

Nikaweka simu mfukoni nikimlaani kwa upole. Nilipogeuka, Ilta alikuwa amesimama. Kahawa imemwagika kwenye ubao na yeye haioni.

"Mjomba," akasema, "yeye anasikilizia wapi?"

"Ng'ambo. Kwake."

"Na kutoka kwake hakuna injini."

"Hakuna."

"Na kutoka hapa ipo."

"Ipo, kaidi kama mama yako."

Akaanza kutembea gatini, kwenda na kurudi. Akaniambia maneno ambayo wakati ule niliyasikia kama mtu anayeongea usingizini. Kumbe vipimo vyake vyote alikuwa ameviweka kwenye mwisho wa uzi, kule ambako nakala huonekana ikishakamilika. Ndivyo kila mtu aliyemtangulia kwenye maabara yake alivyofanya, kwa sababu nakala kamili ndiyo yenye madhara. Alikuwa amesimama ng'ambo ya ziwa miaka yote hiyo akiripoti kwamba injini ya Veijo imekufa. Hakuwahi kusikilizia gatini.

Alipanda basi mchana uleule. Samaki hatukuvua. Kauko alisubiri mpaka kahawa yake ikapoa, kisha akaja kwa baiskeli kuzunguka ghuba yote, akafika akiwa amelowa jasho na matusi, akakuta msichana ameondoka na injini iko vipande vipande kwenye nyasi.

Na Ilta alipoweka kipimo chake pale mwanzoni kabisa mwa uzi wa virusi, alikuta nini? Alikuta vinakohoa. Seli zilizolala, seli ambazo kila mtu alidhani ni kimya, zimejaa vinakala vifupi vifupi. Mnakili anaanza, anasoma kipande kidogo, breki inamkamata, anaanguka. Mwingine anaanza, anakamatwa, anaanguka. Alinipigia simu kutoka maabara akicheka na kulia pamoja, nami nikadhani kuna aliyekufa. "Mjomba," akasema mwishowe, "inakohoa." Nikamwambia, "Si nilikwambia?" Na ninyi mngesema nini?

Leo mchana basi, mbele ya ukumbi mzima, Profesa Ravnkilde alimshika hapohapo. Profesa, mimi nilipoambiwa kuna mtu cheo chake ni Mpinzani nilikuja nimejiandaa kwa ugomvi. Nikaona mama mpole mwenye miwani. Nikasema huyu hana neno. Kumbe. Ulimwuliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi: utajuaje kwamba vipande hivyo ni kukohoa? Kwa nini visiwe takataka tu, masalia ya nakala ndefu zilizovunjikavunjika? Nilikuwa sielewi lugha, lakini nilimwona Maire akiufungua na kuufunga mkoba wake, nikajua hapa ndipo penyewe. Jibu likikosekana, kitabu chote kinaanguka, na miaka yote ile, na mtoto anarudi kuulizia kazi yake kwenye duka la dawa.

Ilta akanywa maji. Akajibu taratibu. Kwenye gari aliniambia alichosema: takataka huvunjika popote. Tembeeni msituni baada ya dhoruba, kila mti umevunjika pake. Lakini ukikuta magogo yote yamekatwa urefu mmoja, kuna msumeno. Vipande vyake vyote vinaanzia mahali pamoja na vinaishia karibu mahali pamoja, pale penye breki. Na alipozipa seli zilezile dawa ya kulegeza breki, vipande vifupi vikapungua na virefu vikatokea. Takataka hairefuki ukiifungulia breki. Profesa aliandika kitu, akaandika tena, akavua miwani. Nikamwambia Maire, "Ameshinda." Akaniambia, "Nyamaza, hujui Kiingereza."

Sasa, ndugu zangu, nakuja kwenye jambo ambalo wale mliokuwa ukumbini mliliona na wale ambao hamkuwapo mmelisikia likinong'onwa tangu supu. Nalisema kwa ruhusa ya mwenyewe. Nilimwomba kabla ya kuingia hapa, akaniambia, "Sema, ila usinifanye mkubwa kuliko yule samaki wako."

Mpinzani akimaliza, mtahiniwa anageukia hadhira na kutamka maneno ya desturi: kama kuna yeyote kati yenu, hadhira tukufu, mwenye neno la kukipinga kitabu changu, aombe nafasi kwa Msimamizi. Yanasemwa, na watu wanaanza kutafuta makoti yao. Hakuna anayesimama. Ni kama kumuuliza mgeni kama anaondoka mapema hivyo: huulizi ili ujibiwe. Lakini Maire ananijua. Alikuwa amenionya tangu asubuhi, "Veijo, ukisimama nakuzika," na maneno yale yalipoanza tu, akaukamata mkia wa koti langu kwa mikono miwili.

Alimkamata mtu siye. Upande wangu wa pili, Kauko alisimama.

Kauko, mnayemwona hapo mlangoni, mpishi wa meli mstaafu aliyeokota Kiingereza bandarini, mtu ambaye kwenye mikutano ya wavuvi hupiga kura kwa kukohoa. Akaomba nafasi kwa Profesa Rautavuoma kama ilivyoandikwa. Akasema kwa lugha yetu hii ya Savo, polepole, mkono umeshika kiti cha mbele yake.

"Mimi si msomi. Virusi unavyovizungumzia, binti, mimi ninavyo. Ninavyo tangu kabla hujazaliwa, tangu nikiwa melini. Kila asubuhi nameza kidonge. Damu pia nilitoa, hospitali walipoomba watu wa kusaidia utafiti. Labda ni huu wako, labda si huu, hawatuambii. Daktari wangu anasema kipimo hakioni kitu, na siwezi kumwambukiza mtu. Kwa maneno hayo nimekuwa nikipata usingizi. Leo wewe umesema vinakohoa. Nimekuja kukushangilia na nitakushangilia, lakini kwanza niambie. Nimekuwa nikilala na nini?"

Sisi sote tulikuwa tunashangilia kwamba vinakohoa. Mimi nimetangaza sokoni, nimetangaza kanisani, inakohoa, inakohoa, kama mtu aliyepata mjukuu. Na wakati wote huo yupo mtu mmoja ambaye kwake habari ile ilikuwa inakohoa ndani ya mifupa yake.

Ilta aliiacha meza yake, jambo ambalo nadhani haliruhusiwi, akaja mpaka mwisho wa safu ya viti.

"Mjomba Kauko," akasema, maana ndivyo alivyomwita tangu utotoni, "unakumbuka asubuhi uliyompigia mjomba Veijo simu ukasema husikii injini?"

"Nakumbuka. Kahawa ilipoa."

"Boti ilikufikia?"

"Haikufika hata kidogo. Nilikwenda kwa baiskeli."

"Ilikohoa asubuhi nzima na haikutoka gatini. Kukohoa si kusafiri. Ndivyo ilivyo ndani yako. Na hata siku moja injini moja ikiwaka, kidonge chako kimefunga ziwa zima, haina pa kwenda. Daktari wako hakukudanganya."

"Basi kwa nini mnafurahi hivi?"

"Kwa sababu kinachokohoa kinaweza kutafutwa. Kingekuwa kimya kabisa, tungekitafutia wapi?"

"Na mkikipata?"

"Wengine wanataka kukiamsha, ili kinga ikione na ikimalize. Wengine wanataka kuikaza breki mpaka kisikohoe tena maisha. Bado hatujaweza hata moja. Sikuahidi kitu, mjomba."

"Sijaomba ahadi. Nimeuliza nilale au nisilale."

"Lala. Na kidonge usiache."

"Sijawahi kuacha," akasema Kauko, akamshukuru Msimamizi, akakaa.

Na Profesa Ravnkilde, ambaye jirani yake alikuwa akimtafsiria sikioni, alisimama kusoma hukumu yake. Kabla ya kuisoma alisema maneno ambayo nimeomba nitafsiriwe mara mbili ili nisikosee. Alisema, "Hilo ndilo swali nililopaswa kuanza nalo." Ndipo akatamka kwamba anapendekeza kitabu kikubaliwe. Profesa, kwa maneno hayo, boti yangu ni yako siku yoyote utakayorudi. Utakuja na puto lako la mpira.

Tulipotoka nje nilimkuta Kauko kwenye ngazi. Ndugu zangu, mimi ni mtu ninayejua kila kitu kwenye ziwa hili. Najua nani amehama na ndoo ya nani. Na mtu huyu nimekaa naye boti moja tangu nywele zetu zikiwa kichwani. Nikasimama karibu naye, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na hadithi.

"Kwa hiyo vile vidonge vya asubuhi," nikasema, "si vitamini za moyo."

"Si vitamini za moyo."

"Na kikombe chako, kile usichotaka mtu akiguse."

"Daktari aliniambia haviambukizi kwa kikombe. Nilijua. Nilikuwa naogopa tu kwa niaba yenu."

"Na sauna. Kila Jumamosi wewe ni wa mwisho, sisi wote tukishatoka."

"Hiyo ni kwa sababu ukiwa ndani huachi kuongea."

Nikafikiri kidogo. Nikamwuliza, "Sasa Jumamosi nani atakumba maji botini?"

"Wewe. Mimi ni mgonjwa."

"Daktari mwenyewe amesema umefunga ziwa zima."

"Basi tupokezane," akasema, na akapangusa pua, na mimi nikaangalia bendera ya chuo.

Alitaka kwenda nyumbani. Alisema amekwisha kusema zaidi kuliko alivyosema mwaka mzima, na suti imembana. Ilta mwenyewe alimfuata mpaka kituo cha basi na gauni lake jeusi, akamrudisha. Ndiyo maana amekaa pale mlangoni. Anafikiri amekuja kama rafiki wa mjomba.

Sasa nisikilizeni vizuri, na wewe mwenyekiti wa zamu, unayewaita wasemaji, weka glasi chini. Tangu nimesimama kuna kitu kinanisumbua, na si supu. Nimesema kwamba tunajibu kwa zamu tuliyoshukuriwa. Hebu tukumbuke Ilta aliwashukuru nani. Alianza na Mpinzani, naye amejibu. Akaja kwa Msimamizi, naye amejibu. Halafu alisema nini? Alisema, "Nawashukuru wale waliotoa damu zao kwa ajili ya kazi hii, ambao majina yao siyajui na siruhusiwi kuyajua." Halafu ndipo akaja kwa wenzake wa maabara, mama yake, na mimi mwisho.

Wenzake wa maabara wamejibu kwa wimbo. Maire amejibu kwa machozi na hesabu ya nguo alizomshonea. Mimi nimejibu, na mmeona nilivyojibu. Lakini wale wa tatu hawajajibu. Tumewaruka. Katika ukumbi uliojaa maprofesa, kwenye nchi ambayo watu wanapangana mstari hata kituo cha basi kikiwa hakina mtu, tumeruka zamu ya watu wa tatu, kwa sababu hawana majina na tukadhani kwa hiyo hawana midomo.

Mimi nimekata mstari mbele yako, Kauko. Na wewe unajua mimi sikati mstari, isipokuwa dukani kwenye chambo.

Kwa hiyo Mheshimiwa Mpinzani, Mheshimiwa Msimamizi, Daktari Ilta, mwanangu, ambaye ungekuwa unaniuzia mafuta ya mgongo kama si puto lililopasuka: nilikuwa nimeandaa pia habari ya hauki, yote, pamoja na faini. Nitaiacha. Nashukuru kwa zamu niliyopewa, ingawa haikuwa yangu. Nawashukuru ninyi nyote kwa masikio yenu, na naomba msiyafunge bado. Mgeuzieni viti vyenu mlangoni.

Kauko, njoo usimame hapa. Hapa tunakusikia.